Sheria na Mazingira Yasiyotulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila unapozuka mjadala kuhusu sheria za maji, misitu, uvuvi, pwani au tabianchi. Mengine huulizwa na wanasheria, mengine na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sheria lakini wameona kisima kikikauka. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa hata maswali yenyewe hayalingani uzito.

Kwani Bunge halipo? Mazingira yakibadilika, si litunge sheria nyingine?

Linaweza, na mara nyingine hufanya hivyo. Shida ni mwendo. Muswada hupita kwenye kamati, maoni ya wadau, mijadala na saini, kisha husubiri kanuni za utekelezaji ambazo nazo huweza kukaa miaka kabla ya kuchapishwa. Sheria ikishaanza kutumika, watu hupanga maisha yao juu yake: mwekezaji ameshachukua mkopo, mkulima ameshachimba mfereji, idara imeshaajiri. Kila mmoja wao ana sababu ya kutotaka iguswe. Ndiyo maana sheria iliyopitwa na wakati huweza kudumu hata ikikosa wa kuitetea, maana kuifungua upya kunamtisha kila mtu.

Kuna jambo jingine lililojificha zaidi. Ndani ya sheria nyingi za mazingira mna dhana isiyoandikwa popote, kwamba kesho itafanana na jana. Mvua itazidi na kupungua, lakini ndani ya kiwango kilichozoeleka. Kwa dhana hiyo mhandisi hutumia rekodi za mvua za zamani kuamua upana wa kalvati, mpimaji huchora mpaka wa kiwanja kwa kufuata ukingo wa mto, na hifadhi huzungushiwa mipaka mahali ambapo wanyama walikuwapo siku ya kuitangaza. Sheria hizo hazikuwa za kijinga. Ziliandikwa kwa ajili ya dunia iliyoyumba lakini ikarudi mahali pake.

Kuna mfano wa sheria iliyonaswa namna hiyo?

Upo, na una umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaliandikiana mkataba wa kugawana maji ya mto Colorado. Majimbo ya juu yalitengewa takribani mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na ya chini kiasi hicho hicho. Mwaka 1944 Mexico nayo ikaahidiwa takribani bilioni 1.85 kwa mkataba wa kimataifa. Jumla inazidi bilioni 20. Tatizo ni kwamba vipimo vilivyotumika vilitoka katika kipindi ambacho mto ulijaa kuliko kawaida yake. Tangu mwaka 2000 wastani umekuwa karibu bilioni 15.

Kukosea hesabu si dhambi. Mwaka 1922 ni nani angejua? Kosa lilikuwa kuiandika hesabu hiyo kama namba ya kudumu. Na hapa pana kichekesho kichungu: mkataba uliweka utaratibu wa kugawana maji ya ziada baada ya Oktoba 1963, lakini haukuweka utaratibu wa kupunguza mgao wa wote kadiri mto unavyopungua. Waandishi waliona uwezekano wa neema, hawakuona uwezekano wa ukame.

Viraka vilikuja baadaye sana. Miongozo ya mwaka 2007 na mipango ya ukame ya 2019 iliufungamanisha upunguzaji wa maji na kina cha Mead, bwawa kubwa la mto huo, na Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza. Miongozo yenyewe ilipewa ukomo wa 2026, kwa hiyo pande zote zikalazimika kurudi mezani.

Upande wa Mexico ulikuwa na bahati zaidi. Mkataba wa 1944 una tume ya pamoja yenye uwezo wa kuandikiana hati za utekelezaji bila kuufungua mkataba wote. Kupitia mlango huo mdogo wa uani, nchi hizo mbili zilikubaliana mwaka 2012, na tena 2017, namna ya kugawana upungufu.

Basi sheria inayoweza kubadilika hufananaje?

Hutenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida huandikwa pamoja, yaani lengo na kipimo. Lengo husimama. Kipimo huwekwa mahali ambapo kinaweza kusogezwa, kwa utaratibu uliojulikana tangu mwanzo.

Mfano ninaoupenda ni Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ya kulinda tabaka la ozoni. Iliposainiwa ilidai nchi zipunguze matumizi ya gesi za CFC kwa nusu tu kufikia mwishoni mwa karne. Mwaka 1990, jijini London, nusu hiyo ikageuka kuwa kuziondoa kabisa kufikia 2000. Mwaka 1992, Copenhagen, nchi zilizoendelea zikasogezewa tarehe hadi 1996. Mwendo huo uliwezekana kwa sababu itifaki ina milango miwili. Gesi ambayo tayari imo kwenye orodha inaweza kubanwa zaidi kwa uamuzi wa mkutano wa wanachama, na uamuzi huo huwafunga wote bila kusubiri kila bunge liridhie. Maafikiano yakishindikana kabisa, hupigwa kura ya theluthi mbili. Gesi mpya hupitia mlango mrefu wa marekebisho yanayohitaji kuridhiwa, kama ilivyokuwa Kigali mwaka 2016 kwa HFC, gesi zilizochukua nafasi ya zile za zamani. Na majopo ya wataalamu hutakiwa kutathmini hali angalau kila miaka minne, ili mkutano usikae na kubuni.

Mikataba ya kuzuia uchafuzi wa meli hutumia ujanja tofauti. Marekebisho ya kiufundi huanza kutumika tarehe iliyopangwa, isipokuwa nchi za kutosha zipinge. Anayenyamaza amekubali.

Huko si kumpa waziri kalamu ya kufuta anachotaka?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na wanaouliza wana haki ya kuwa na wasiwasi. Neno "kubadilika" limeshatumika kulegeza masharti ya viwanda na kufungua misitu iliyolindwa. Anayetaka kukwepa sheria hujifunza haraka lugha ya wanamazingira.

Uingereza inatoa jibu moja. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2008 ililenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 80 kufikia 2050, ikilinganishwa na 1990. Mwaka 2019 lengo hilo lilipandishwa hadi asilimia 100 kwa amri ya waziri, bila sheria mpya. Lakini tazama vizuizi alivyowekewa. Anaweza kulibadilisha kukiwa na maendeleo makubwa ya kisayansi, au katika sheria na sera za kimataifa. Ni lazima kwanza apate ushauri wa kamati huru ya wataalamu. Na amri yenyewe haina nguvu mpaka mabaraza yote mawili ya Bunge yaipitishe. Kalamu anayo, ila haandiki peke yake.

Kizuizi kingine ni mwelekeo. Mkataba wa Paris wa 2015 unataka kila nchi ilete mchango mpya kila baada ya miaka mitano, na mchango huo uwe hatua mbele ya uliopita. Mkataba wa Escazú wa 2018, wa nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi, umeitaja kwa jina kanuni ya kutorudi nyuma. Kwa lugha nyepesi, unaruhusiwa kubadili njia, huruhusiwi kupunguza ulinzi kisha ukauita ubunifu.

Binafsi naamini sheria isiyo na utaratibu wa kubadilika ndiyo inayompa mtawala nguvu nyingi zaidi. Hali ikizidi uwezo wa sheria, yeye hutangaza dharura, na dharura haina kamati huru wala maoni ya wadau.

Nani huamua kwamba wakati wa kubadilisha umefika?

Kuna njia ya kalenda na njia ya ishara. Kalenda ni rahisi: sheria inasema itapitiwa kila miaka mitano au sita. Ishara ni makini zaidi: sheria inasema kipimo fulani kikifika kiwango fulani, hatua fulani huanza.

Mpango wa kukinga mafuriko katika mlango wa mto Thames, nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, unachanganya zote mbili. Haukuchagua ukuta mmoja wa kujengwa leo kwa ajili ya mwaka 2100. Uliorodhesha njia kadhaa, ukataja viashiria vya kufuatilia, kikiwemo kupanda kwa usawa wa bahari, na ukaeleza ni lini uamuzi lazima ufanywe ili ujenzi uwahi. Jambo la mwisho ndilo wengi husahau. Kama lango jipya la mafuriko linachukua miongo kupangwa na kujengwa, ishara ya kungoja haiwezi kuwa mafuriko yenyewe.

Uholanzi imeweka wazo hilo ndani ya sheria. Mafuriko ya mwaka 1953 yaliua watu 1,836 nchini humo, na kwa miaka mingi baadaye sera ilikuwa ya kujibu yaliyokwisha kutokea. Tangu 2012 kuna sheria ya delta, yaani ya kuikinga nchi na mafuriko, yenye kamishna wake, mfuko wake wa fedha, na mpango unaopelekwa bungeni kila mwaka pamoja na bajeti. Mfuko nauona kuwa muhimu kuliko kamishna. Utaratibu wa kupitia sheria usio na fungu la fedha huishia kuwa ripoti kabatini.

Nina kibali halali, au nimenunua kiwanja kwa haki. Sheria ikibadilika naumia mimi?

Unaweza kuumia, na anayekuambia vinginevyo anakupamba. Swali halisi ni kama uliijua hatari hiyo ulipopokea haki yako.

Australia ilipata jibu la busara kwenye maji. Tangu makubaliano ya kitaifa ya mwaka 2004, haki ya maji huhesabiwa kama sehemu ya maji yaliyopo, si kiasi kisichobadilika. Kila msimu mamlaka hutangaza wenye haki wapewe asilimia ngapi. Mwaka wa mvua unapata nyingi, mwaka wa ukame unaweza kupata kidogo sana. Haki yako haijanyang'anywa. Imepumua pamoja na mto. Utaratibu huo haukumaliza ugomvi katika bonde la mito ya Murray na Darling, hata kidogo, lakini uliondoa kesi moja kubwa: hakuna anayeweza kusema aliahidiwa lita kamili.

Ardhi ni ngumu zaidi. Texas ina sheria ya mwaka 1959 inayolinda haki ya umma kutumia fukwe, na kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba ufuo ukirudi nyuma, haki ya umma nayo husogea, hata ikiingia kwenye kiwanja cha mtu. Kimbunga Rita cha 2005 kiliumega ufuo kwa pigo moja, nyumba ikajikuta upande wa umma, mwenye nyumba akashtaki. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba haki ya umma husogea bahari inapoila ardhi polepole, lakini haisogei pale inapoimega ghafla. Ni kanuni ya kale ya sheria za kingo za mito. Inasumbua leo kwa sababu bahari inayopanda milimita kwa mwaka haionekani ikifanya kazi. Hungoja dhoruba, kisha huchukua yote usiku mmoja. Je, huo ni mwendo wa polepole au wa ghafla?

Ushauri wangu kwa wanaotunga sheria ni wa kizamani: samaki mkunje angali mbichi. Sharti la kusogea liandikwe kwenye hati kabla kiwanja hakijauzwa. Likiandikwa baadaye, jina lake hugeuka kuwa fidia.

Samaki na wanyama wanahama. Mgao wa uvuvi unawafuata?

Kwa kawaida hapana. Vibua wa Atlantiki walipoanza kuelekea kaskazini-magharibi katika miaka ya 2000, waliingia maji ya Iceland, nchi ambayo haikuwa na fungu katika mgao uliokubaliwa na majirani zake. Ilipofika mwaka 2010 Iceland ilikuwa ikivua zaidi ya tani 100,000. Wenye mgao wa zamani walidai ni wizi. Iceland ilijibu kwamba samaki wanakula katika maji yake. Jumla ya samaki waliovuliwa ikazidi ushauri wa wanasayansi, na mwaka 2019 cheti cha uvuvi endelevu cha samaki hao kikasimamishwa. Kila upande ulikuwa na hoja ya kisheria. Asiyekuwa na wakili ni kibua.

Linganisha na jodari wa Pasifiki. Nchi nane za visiwa zilizo katika Makubaliano ya Nauru huuza siku za kuvua badala ya tani, na zinaweza kuuziana siku hizo zenyewe kwa zenyewe. El Niño ikisukuma jodari mashariki, meli huwafuata na siku hubadilishana mikono. Samaki wanahama, makubaliano hayavunjiki.

Bahari ikipanda, mipaka ya nchi baharini nayo itarudi nyuma?

Hapa jibu linawashangaza wengi, kwa sababu kuzoea mabadiliko kumemaanisha kugandisha mstari.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 hupima ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini kuanzia mstari wa msingi, ambao kwa kawaida ni pale maji ya kupwa yanapoishia pwani. Kwa tafsiri moja, pwani ikimezwa, mstari unarudi nyuma na bahari ya nchi inapungua. Kisiwa kidogo kingepoteza eneo kubwa la uvuvi bila mtu kurusha risasi. Mwaka 2021 viongozi wa visiwa vya Pasifiki walitangaza kwamba mipaka waliyokwisha kuiwasilisha itabaki bila kujali bahari inapanda kiasi gani. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri kuhusu tabianchi, ilisema nchi wanachama wa mkataba huo hazilazimiki kusahihisha ramani au orodha za nukta zinazoonyesha mipaka yao kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sheria nzuri ni ile inayosogea tu. Mgao wa maji usogee na mto, lakini mpaka wa bahari ukisogea na pwani, anayeadhibiwa ni yule ambaye hakuchafua.

Na watu wanaohama?

Sheria iko nyuma sana. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unahusu mateso, si bahari wala ukame. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika, unawataja waliofukuzwa na majanga ya asili, lakini ni kwa waliobaki ndani ya nchi zao. Njia mojawapo iliyofunguliwa hivi karibuni ni mkataba kati ya Tuvalu na Australia, ulioanza kutumika 2024, unaoruhusu hadi watu 280 wa Tuvalu kwa mwaka kwenda kuishi Australia, huku Australia ikitambua kuwa Tuvalu itaendelea kuwa dola hata bahari ikipanda.

Mahakama zinaweza kuisogeza sheria pale wanasiasa wanapogoma?

Zinaweza kuisukuma, kila moja kwa namna yake. Mwaka 2015, nchini Pakistan, mkulima aliishtaki serikali kwa kutotekeleza sera yake yenyewe ya tabianchi. Mahakama Kuu ya Lahore haikuandika sera mpya. Iliunda tume ya kufuatilia ile iliyokuwapo, na kesi ikabaki wazi kwa miaka kadhaa huku tume ikitoa ripoti. Ujerumani, mwaka 2021, Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya tabianchi ya 2019 ilikuwa na upungufu kwa kutopanga vya kutosha yatakayofuata baada ya 2030, kwa hiyo mzigo ungewaangukia vijana na kuminya uhuru wao. Bunge lilirekebisha ndani ya miezi michache na kuliwahisha lengo la kutoongeza gesijoto hadi 2045.

Mipaka ipo. Hakimu huamua kesi iliyo mbele yake, kwa ushahidi ulioletwa, na hana bajeti. Amri ikikosa mtekelezaji hubaki karatasi.

Kuupa mto hadhi ya mtu kisheria kunasaidia?

Kunasaidia kama mto umepewa pia wa kuusemea. Mto Whanganui wa New Zealand, kwa sheria ya 2017, una wawakilishi wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa Wamaori wa mto huo, pamoja na fedha. Hadhi bila mwakilishi ni sifa tu.

Nchi isiyo na vipimo vingi vya kisayansi ianzie wapi?

Kwenye muda wa vibali. Kibali cha miaka 50 ni madai kwamba unaujua mto huo kwa miaka 50 ijayo. Vifupishwe, na mwenye kibali alazimike kuleta takwimu za alichochota au alichokamata kabla ya kuongezewa muda. Kina cha visima na siku mvua zilipoanza havihitaji setilaiti. Vinahitaji daftari, na kifungu kinachosema daftari hilo litasomwa na nani.

Rasimu ya sheria imetolewa kwa maoni ya umma. Nitazame nini?

Anza na vifungu vya nyuma, si utangulizi. Utangulizi wa kila sheria ya mazingira ni mzuri. Tafuta tarehe ya kuipitia upya na jina la atakayeipitia. Tafuta fungu la fedha. Angalia kama waziri anaweza kubadili jedwali, na kama ni lazima achapishe sababu zake. Soma vibali vya sasa vitafanywaje. Kisha tafuta kila namba iliyoandikwa humo, iwe lita, mita au tani, na uulize imetoka katika vipimo vya miaka gani.